Nukta Moja ya Shamba: Sheria ya Ulaya, Kahawa ya Kivu na Haki ya Mkulima



Mara nyingi katika gazeti hili tunaongea juu ya kupogoa miti, juu ya mboji, na juu ya kile kidudu kinacholeta ladha ya kiazi ndani ya kahawa. Safari hii tunaongea juu ya sheria. Tunajua wengine watataka kufungua ukurasa mwingine. Tunaomba mtuvumilie, maana sheria hii imeshaingia shambani mwenu, hata kama hamkuiona ikipita njiani.

Siku moja tulikuwa kwenye stasyo ya kuoshea kahawa, upande wa ziwa, teritwari ya Kalehe. Tulikuja na simu zenye GPS ili kuandikisha mashamba ya wanachama. Mama mmoja mwenye miti kama mia tatu hivi akasimama katikati ya shamba lake, akatuuliza: "Bana yangu, ile namba munaandika mu telefone inaenda wapi? Ni ya nani?" Tukamjibu kwamba wanunuzi wa Ulaya wanaihitaji. Akatuangalia kwa muda. "Benye kununua banajua shamba yangu, lakini miye sibajuwe. Ni haki?"

Tulikosa jibu zuri. Tulikuwa tumesomea udongo na mimea. Sheria za kimataifa hatukuzisomea. Basi tulirudi Bukavu, tukatafuta ile sheria, tukaisoma, tukaulizana na watu wanaojua. Haya ndiyo tuliyoyapata.

SHERIA YENYEWE INASEMA NINI

Ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115. Kwa Kifaransa wengi wanaiita RDUE. Ilipata nguvu tarehe 29 Juni 2023. Inagusa mazao saba: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe, pamoja na vitu vingi vinavyotengenezwa kutokana na mazao hayo.

Inadai mambo matatu kabla kahawa haijaingia soko la Ulaya. La kwanza, isitoke kwenye shamba lililofunguliwa kwa kukata msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. La pili, iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi inapotoka: sheria za ardhi, za kazi, za kodi, na haki za binadamu. La tatu, kampuni inayoiingiza Ulaya iandike tamko kwamba imechunguza yote hayo, na ndani ya tamko iweke mahali halisi pa kila shamba. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 inatosha nukta moja ya GPS. Likizidi hapo, kwa zao kama kahawa, lazima uchore mpaka wake mzima. Wengi wetu hatufikii hata hekta moja, kwa hiyo kwetu ni nukta moja tu.

Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mara mbili. Mwanzoni ilikuwa mwisho wa Desemba 2024, ikasogezwa hadi mwisho wa 2025, halafu tena. Sasa kampuni kubwa na za kati zinatakiwa kuanza tarehe 30 Desemba 2026, na zile ndogo tarehe 30 Juni 2027. Musikae mkisema bado kuna wakati. Kahawa tunayovuna Machi hadi Juni inaoshwa, inakauka, inakobolewa, inachaguliwa, inangoja karatasi, inangoja gari, inangoja meli. Kahawa inayochelewa njiani inaweza kufika bandarini Ulaya wakati mlango umeshafungwa.

Sasa neno "msitu". Wengi wametuuliza: je, grevilea zangu za kivuli zitaonekana kama msitu? Hapana. Kwa sheria hii msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayopita mita 5, na matawi yake yafunike zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Lakini ardhi inayotumika hasa kwa kilimo haihesabiwi kuwa msitu, hata ikiwa na miti. Kahawa iliyo chini ya grevilea, albizia, migomba na parachichi ni shamba. Usikate kivuli chako kwa kuogopa Bruxelles. Ungeharibu kahawa bila faida yoyote.

Hatari iko sehemu nyingine. Msitu wa kupandwa nao unaweza kuhesabiwa. Mtu mwenye mikaratusi inayozidi nusu hekta, akiing'oa leo ili apande kahawa, anaweza kujikuta upande mbaya. Na yule anayepanda mlima kufungua shamba jipya ndani ya msitu wa asili, kahawa yake haitaingia Ulaya, hata kama mkubwa wa kijiji alimpa ruhusa na alilipa. Ndiyo ukali wa sheria hii: ukataji wa msitu ulioruhusiwa na nchi yako nao unakataliwa.

KWA NINI SHERIA YA BRUXELLES INAFIKA KALEHE

Hapa njo penye mjadala. Bunge la Ulaya halikuchaguliwa na mtu wa Kalehe wala wa Idjwi. Linawezaje kutuamuru namna ya kulima?

Kwanza tuelewe jambo moja. Nchi 27 za Umoja wa Ulaya zimekubali kuwa na sheria iliyo juu ya sheria zao wenyewe. Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani haziwezi kusema "sisi hatuitaki" baada ya kanuni kupitishwa. Lakini nguvu hiyo inaishia kwao. Hakuna polisi wa Bruxelles atakayekuja kumkamata mkulima. Anayebanwa ni kampuni inayoingiza kahawa Ulaya. Ikidanganya au ikizembea inaweza kunyang'anywa mzigo na kutozwa faini, na sheria inataka kiwango cha juu cha faini hiyo kisiwe chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka mzima katika Ulaya. Kampuni inaogopa, inambana msafirishaji. Msafirishaji anaibana koperative. Koperative inatutuma sisi na simu. Sisi tunasimama mbele ya mama na miti yake mia tatu. Sheria haikumtaja, lakini imemfikia.

Tusisahau pia kwamba hata sisi tunaishi chini ya sheria kama hiyo. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja ya biashara. Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na kwetu ndiyo iliyochukua nafasi ya amri ya wakoloni ya 1956. Mkiandikisha koperative yenu, mkichagua komite, mkigawana faida, mnafuata maandishi ambayo Kinshasa peke yake haiwezi kuyabadili. Kesi juu yake ikifika mwisho, inaamuliwa na korti ya Abidjan.

Tofauti ni hii: OHADA nchi yetu imekaa mezani. Kwa RDUE hatukukaa. Septemba 2023 nchi 17, zikiwemo Brazili, Indonesia, Ghana na Nigeria, ziliandikia viongozi wa Ulaya kulalamika kwamba sheria hii inatumia kipimo kimoja kwa nchi zenye hali tofauti, na kwamba wakulima wadogo ndio wataumia. Wanaoitetea nao wana neno: Ulaya haiamuru dunia, inaamua tu nini kiingie nyumbani kwake. Tena wanaokunywa kahawa kule wana sehemu yao katika misitu inayokatwa huku.

Sisi wa mlimani tunaona ukweli pande zote mbili. Tunajua msitu ukiisha mvua inabadilika na udongo unashuka ziwani. Wakulima wa Kabare na Walungu hawahitaji Bruxelles iwafundishe erozyo. Lakini tunajua pia nani hulipa wakati wakubwa wanapotengeneza mambo mazuri kwenye karatasi.

TUNAKUMBUKA "LOI OBAMA"

Wazee wanakumbuka, na hata vijana wanakumbuka. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya mabenki, na ndani yake mkaingizwa kifungu cha 1502 juu ya madini yanayotoka Kongo na nchi jirani. Huku tuliiita "Loi Obama". Lengo lilikuwa zuri: watu wenye silaha wasipate pesa za koltani, kasiterite na dhahabu. Septemba mwaka ule ule serikali yetu ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Halafu kampuni nyingi za ng'ambo zikaona ni rahisi zaidi kununua kwingine kuliko kuchunguza kila shimo.

Familia zilizokuwa zikilipa masomo ya watoto kwa pesa za shimo zilikosa. Wengine walirudi shambani, na shamba lilikuwa dogo. Mfumo wa kuweka alama kwenye magunia ulifika Nyabibwe, hapo hapo Kalehe, mwaka 2012. Miaka miwili kwa mtu anayeishi kwa kazi ya kila siku ni mirefu sana.

Kwa nini tunarudia habari ya madini? Kwa sababu sheria ya kahawa ina mlango unaofanana. Inaitaka kampuni ipime hatari ya mahali kahawa inapotoka, na kati ya mambo ya kupima imeandikwa wazi: vita, rushwa, karatasi za kughushi, haki za binadamu kuvunjwa. Mwezi wa Mei 2025 Ulaya ilipanga nchi zote katika madaraja matatu. Kongo haikuwekwa kwenye hatari kubwa. Imewekwa daraja la kati. Hiyo ni nafuu. Lakini mnunuzi akisoma habari za Kivu tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, benki zikafunga na uwanja wa Kavumu ukasimama, hahitaji sheria imkataze. Anaweza kuamua mwenyewe kwenda kununua kwingine.

Hatuongei siasa hapa. Tunasema tu kwamba hatari kubwa kwa koperative zetu si faini. Hatari ni kuachwa kimya kimya, bila barua, bila maelezo. Msimu mmoja simu ya mnunuzi haiiti tena. Halafu kahawa inarudia njia tunayoijua: usiku, kwa mtumbwi, kuvuka ziwa kwenda Rwanda kwa bei ya kukubali tu. Tunajua ni watu wangapi ziwa hili limemeza kwa njia ile. Koperative nyingi za pwani ya Kivu zilianzishwa ili watu waache kuvuka usiku.

GUNIA MOJA LINAWEZA KUZUIA KONTENA

Kuna sharti lingine ambalo wengi hawajalisikia. Huwezi kuchanganya kahawa inayojulikana na kahawa isiyojulikana. Tupige hesabu. Kontena moja inabeba kama magunia 320 ya kilo 60. Ikiwa kila mwanachama ameleta kahawa ya kutosha gunia moja, ndani ya kontena kuna watu 320, na nukta 320. Mmoja akileta kahawa ya shemeji yake isiyoandikwa, au akinunua sokoni ili ajaze uzito, anaweza kuwazuilia wote 320. Lawama atabebeshwa mnunuzi kule Ulaya, lakini hasara itarudi kwenye stasyo yenu.

Ndiyo maana tunasema jambo hili si la agronomu wala la meneja peke yake. Ni la wanachama wote.

KARATASI YA SHAMBA: KALINZI, BWASA, NA MAJINA YANAYOKOSEKANA

"Agronomu, sina titre foncier. Kahawa yangu itakataliwa?" Swali hili tunalipata kila mahali.

Jibu ni kwamba RDUE haidai hati ya Ulaya. Inadai kinachodaiwa na sheria ya Kongo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali. Juu ya ardhi za mila iliahidi kwamba ordonnance ya rais itakuja kupanga haki za watu wanaoishi juu yake. Miaka mingi imepita watu wakiingojea. Wakati huo wote tumeendelea na mila: kwa Bushi unatoa kalinzi mbele ya mashahidi, na ardhi inakuwa yako na ya watoto wako. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema serikali inalinda mali ya mtu au ya kikundi iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa hiyo mtu wa kalinzi si mvamizi. Barua ya kalinzi yenye mashahidi, au uthibitisho wa mwami na wakubwa wa kijiji, au maandishi ya kununua: hayo tuyaweke kwenye dosiye ya kila mwanachama, kwa maana ndiyo ushahidi tulio nao.

Lakini kuna watu ambao karatasi hizi haziwataji. Mwenye bwasa analima kwa msimu, na kwa kawaida haruhusiwi kupanda mti wa kudumu kama kahawa. Wengi wao ni mama zetu. Na kwenye shamba la kalinzi, jina ni la baba hata kama anayepalilia, anayevuna na anayebeba kilo thelathini mgongoni hadi stasyo ni mama. Tukiandika jina moja tu kwenye rejista, kwenye ordinateri ya Ulaya mama huyo hayuko. Kesho mumewe akifa na wakwe wakija kudai shamba, rejista ya koperative itakuwa shahidi dhidi yake.

Hatutaki kazi yetu itumike hivyo. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 14, inaagiza serikali ifute ubaguzi dhidi ya wanawake. Rejista ya koperative haibadili sheria ya ardhi. Inaweza hata hivyo kuandika majina mawili: mwenye ardhi na mwenye kuilima. Haizidi gharama ya mstari mmoja wa wino.

SHERIA YA JUU SIYO YA KUSHUKA TU

Mpaka hapa mtasema: sheria za juu zinatushukia kama mvua ya mawe, na sisi tunatafuta jani la mgomba. Tunataka kuwakumbusha jirani zetu ambao walienda upande mwingine, walipanda juu.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975. Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu ule waliondolewa, bila kulipwa na bila ardhi nyingine. Mwaka 2015, baada ya milango ya hapa nyumbani kutofunguka, shirika la Minority Rights Group na shirika la Kikongo la ERND walipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo na makao Banjul, Gambia. Uamuzi ulitangazwa mwaka 2024: Tume ilisema nchi imevunja haki za Batwa zilizoandikwa katika Mkataba wa Afrika, ikaitaka iwarudishie ardhi, iwalipe na iwaombe msamaha hadharani.

Tume haina jeshi, na uamuzi wake unasubiri utashi wa serikali. Hatuwezi kuwaambia kwamba Batwa wamerudi nyumbani kwa sababu ya karatasi ile. Lakini leo hakuna anayeweza kusema hawakuwahi kuwa na haki. Katika kazi yetu hilo lina uzito wa kila siku: RDUE inahesabu haki za watu wa asili kuwa sehemu ya sheria za kufuata, na nchi yetu yenyewe ina sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayowalinda. Kahawa ya shamba lililofunguliwa ndani ya mpaka wa hifadhi, au juu ya ardhi waliyonyang'anywa wengine, ina matatizo mawili na siyo moja.

Mkulima naye ana karatasi yake. Tarehe 17 Desemba 2018, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Wakulima na watu wengine wanaofanya kazi vijijini. Nchi 121 zilikubali, 8 zilikataa, 54 hazikuchagua upande. Uingereza na Marekani zilikataa, na Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani zilikuwa kati ya zile zilizokaa kimya. Tamko hilo linasema mkulima ana haki ya ardhi, haki ya kupata habari, na haki ya kushiriki wakati wa kutengeneza mipango inayogusa maisha yake. Tamko si sheria yenye faini. Lakini mnunuzi wa Ulaya akikuambia "sheria inataka nukta yako", nawe una la kumjibu: ulimwengu ulishasema nina haki ya kujua inaenda wapi.

NUKTA NI YA NANI?

Turudi kwa yule mama. Tumetafuta, na jibu letu ni hili: nukta ya shamba ni habari ya mtu. Ordonnance-loi ya tarehe 13 Machi 2023, inayoitwa kodi ya namba, inalinda habari za mtu hapa Kongo. Una haki ya kujua zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, na kudai zisahihishwe zikikosewa. Na katika nyakati hizi kuna sababu nyingine ambayo kila mtu anaielewa bila kufundishwa: orodha yenye majina, mashamba na kilo za kahawa, ikiangukia mikono isiyofaa, inakuwa orodha ya watu wa kutozwa au wa kunyang'anywa.

Tumeona mahali ambapo msafirishaji alilipia upimaji, akachukua faili, na koperative ikabaki bila kopi. Mwaka uliofuata walitaka kuuza kwa mwingine aliyetoa bei nzuri. Hawakuweza, kwa sababu nukta zao zilikuwa mfukoni mwa yule wa kwanza. Mkulima alikuwa amefungwa na namba ya shamba lake mwenyewe. Hilo tusilirudie.

Sheria ya OHADA inatupa chombo: katika koperative, mtu mmoja ana kura moja, awe na miti mia au elfu tano. Basi suala la nukta liletwe kwenye mkutano mkuu na lipigiwe kura.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA MAVUNO

1. Kopi ya kwanza ibaki kwenu. Yeyote anayekuja kupima, awe mnunuzi, mradi au sisi wenyewe, aache faili kamili kwa koperative siku hiyo hiyo. Wekeni sehemu mbili tofauti, na watu wawili tu wajue namna ya kuifungua.

2. Mwanachama apewe karatasi. Kila mtu apate kijikaratasi chenye nukta yake na majina yaliyoandikwa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini.

3. Tarakimu sita baada ya nukta. Sheria inataka sita. Ukibakiza mbili tu unaweza kukosea kwa kilomita nzima, na shamba la pwani likaonekana katikati ya ziwa, au la mlimani likaonekana ndani ya hifadhi.

4. Msisahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza inaanza na alama hiyo. Shamba la Kalehe liko karibu na -2.1 na 28.9. Ukisahau alama ya kutoa, linaruka hadi upande wa misitu ya Wamba na Mambasa, na satelaiti italiona kama msitu. Ukigeuza namba mbili, moja mahali pa nyingine, linaenda jangwani Algeria. Makosa haya si ya mkulima, lakini kahawa inayozuiliwa ni yake.

5. Pimeni ukiwa umesimama ndani ya kahawa. Siyo nyumbani, siyo barabarani, siyo kwenye stasyo. Subirini simu itulie kabla ya kuandika. Mwenye mashamba matatu ana nukta tatu.

6. Majina mawili. Mwenye ardhi na anayeilima.

7. Mizani iulize. Karani asipokee kahawa inayozidi kile ambacho miti ya mwanachama inaweza kuzaa. Anayeleta kahawa ya jirani, jirani aandikishwe kwanza.

8. Gharama iandikwe kwenye kontrati. Kupima kuna bei: simu, mafuta ya pikipiki, siku za vijana. Mnunuzi anayepata nukta anapata mali. Gharama isikatwe kwa siri kwenye bei ya kahawa mbichi. Ombeni alipe sehemu yake, na kontrati iseme hawezi kuzitumia nukta kwa kazi nyingine wala kumpa mtu mwingine bila ruhusa yenu.

Hatujui kama tarehe ya Ulaya itasogezwa tena. Lakini rejista nzuri haitapotea bure. Itawasaidia kugawa miche kwa haki, kuhesabu mavuno, kutatua mgogoro wa mpaka, na kumwonyesha mnunuzi yeyote, wa Ulaya au wa kwingine, kwamba koperative inajua kahawa yake ni ya nani.

Tulirudi kwa yule mama baadaye, na kijikaratasi chake mkononi. Tukamsomea namba yake, pamoja na alama ya kutoa, halafu jina la mumewe na lake. Akaomba tusome tena lake. Akakunja karatasi, akaiingiza kwenye kitambaa anamofungia pesa, akasema: "Sasa na miye niko nayo. Bakikuya kuniuliza, nitabaonyesha."

Kwa mkutano mkuu ujao, tunaomba kila koperative iweke swali la nukta kwenye ajenda. Tukialikwa, tutakuja.